Protekta ya Kamera ya Mama Mdogo

Protekta ya tisa ilipowekwa juu ya kaunta, Kutaiba alihisi kola ya shati lake jipya inamkaba. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika arobaini. Saa kumi na nusu kadhi angekuwa sebuleni kwao, na Kutaiba ndiye walii. Baba hayupo tena duniani. Bila yeye kumwozesha dada yake, hapana nikahi.

"Hii ni ya kioo kigumu," alisema Abu Wasfi, mwenye duka. "Kamera ikianguka inapasuka hii, skrini inabaki nzima."

"Inang'aa mno," alisema mama mdogo Nuzha. "Juani nitajiona mwenyewe badala ya bibi harusi. Na sura hii, Abu Wasfi, si ya kuharibia watu picha."

Abu Wasfi alicheka. Kutaiba hakucheka.

Nuzha, mdogo wa mama yake, alikuwa mpiga picha wa harusi upande wa wanawake, na Rawand, dada yake Kutaiba, alikuwa msaidizi wake mwaka wa nne sasa. Asubuhi mama mdogo kaamka na lake: skrini ya kamera iko uchi, na yeye hampigi picha mtoto wa dada yake kwa kamera iliyo uchi. Twende mjini mara moja, dakika kumi tu. Dakika kumi gani! Saa nzima sasa wako humu, na Amman yote inapiga honi nje.

"Niletee kamera niipime basi," alisema Abu Wasfi.

"Kwa vumbi hili? Haitoki mkobani ng'o. Vipimo hivi hapa." Akamsukumia kikaratasi.

"Mamdogo, chagua yoyote," alisema Kutaiba. "Zote si plastiki tu?"

"Ndiyo maana hujaoa. Kila kitu kwako ni yoyote."

Angeweza kumwacha hapo akapanda teksi. Lakini kitambulisho chake kilikuwa ndani ya mkoba wa kamera. Mama mdogo alikitia humo mwenyewe asubuhi, "usije ukakipoteza kama ulivyopoteza leseni," na bila kitambulisho kadhi hafungishi kitu.

"Basi nipe kitambulisho, nitangulie."

"Usiuguse mkoba! Humo mna lenzi, unafikiri ni viazi?" Akaukumbatia kama mtoto mchanga. Mwanamume mzima hamnyang'anyi mama yake mdogo mkoba mbele za watu, na mama mdogo alilijua hilo vizuri sana.

Simu ikaita. Alikuwa Hikmat, bwana harusi, muuza marumaru aliyefiwa na mke, mwenye binti wa rika moja na Rawand.

"Wazee wangu wameshavaa, Kutaiba. Tusiaibishane."

"Niko njiani, bwana Hikmat. Neno langu ni lile lile."

Angesema nini tena? Wazee thelathini walikuja kuposa, wakaweka vikombe vyao chini, wakasema hawainywi kahawa mpaka wapewe jibu. Kutaiba akasema, "Kunyweni." Wakanywa. Kahawa ikishanyweka, neno halirudi mdomoni. Dhahabu ya uchumba akaipokea kwa mikono yake mwenyewe.

Rawand alikataa mara tatu. Alilia wiki mbili, chakula kikawa kinarudi jikoni kama kilivyokwenda. Kisha, siku kumi zilizopita, akanyamaza. Wala chozi, wala neno. Hapo Kutaiba akalala usingizi kwa mara ya kwanza. Mwali akinyamaza ndiyo ameridhia, nani asiyelijua hilo? Na leo kaenda saluni mapema, bila kuambiwa na mtu.

Abu Wasfi akaleta kahawa. Kutaiba akaitazama, akaimeza ikimuunguza.

"Basi jaribu hii ya faragha," alisema Abu Wasfi. "Anaona aliye mbele tu. Aliye ubavuni anaona giza."

Nuzha akaiinua, akaibandika juu ya kioo cha simu yake. "Kutaiba, simama hapo ubavuni. Unaona nini?"

"Sioni kitu."

"Huoni kitu kabisa?"

"Mamdogo, sioni kitu! Tunachelewa!"

"Hapo ni sawa," alisema, kwa upole ambao hakuutarajia. Kisha akaanza tena: je, ipo ya namna hiyo isiyoacha alama za vidole? Abu Wasfi akapanda ngazi kwenda kutafuta. Saa tisa. Saa tisa na nusu. Hikmat akapiga tena, Kutaiba hakupokea. Jasho lilimtiririka mgongoni, na kaunta, na rafu, na huyu mama, vyote vilikuwa vinamsogelea.

Saa tisa na dakika hamsini simu ya mama mdogo ikalia mlio mmoja mfupi. Alisoma, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena.

"Haya. Nimepata ninayoitaka."

"Alhamdulillahi! Nipe kitambulisho."

Alifungua zipu mwenyewe. "Chukua, mwanangu. Na hivi mrudishie Hikmat. Vyote vimo."

Kutaiba aliinama mkobani. Pale panapokaa kamera palikuwa na kitambaa, na juu ya kitambaa mkufu, bangili sita na pete.

"Kamera iko wapi?"

Lakini mama mdogo alikwishaigeukia kaunta.

"Abu Wasfi, nifungie ile ya kwanza, ya kioo kigumu, kwenye bahasha ya posta ya ng'ambo. Mwenye kamera ndege yake imeshapaa."