Kamba ya Mjane

Nyamizi alipofiwa na mumewe, ukoo ulisokota kamba kwa shati la marehemu, ukamfunga kiunoni. Mwenye ruhusa ya kuikata ni shemeji atakayemrithi. Sasa shemeji huyo, Mabula, alikuwa barazani na wembe mpya.

Chumbani, Mama Eunike wa kanisani aliketi na Nyamizi. Yeye ndiye aliyemshika mkono Jumapili alipobatizwa.

"Nikiikata mwenyewe," Nyamizi alimuuliza akimtazama kwa jicho la pembeni, "ninyi mtanifunga nini?"

"Hatuna cha kukufunga, mwanangu. Kristo amekuweka huru."

"Walionifunga hii nao waliniita mwanangu."

Alingoja ahimizwe. Hakuhimizwa. Akafumba macho, akaomba, kisha akatoka.

"Shemeji, nipe wembe."

Mabula akacheka. "Bibi harusi, mbona haraka?"

Akampa. Nyamizi aliingia nao chumbani, akarudi na kamba imekatika, akaiweka magotini pa Mabula.

"Na nyumba?" Mabula aliuliza, kicheko kimemwishia.

"Kaa nayo."

Njiapanda, Nyamizi aligeuka, akiwa na hakika ataonyeshwa njia ya kanisani. Mama Eunike alikuwa amesimama nyuma yake, anangoja yeye atangulie.