Zamu ya Kichefuchefu

Siku hizo kichefuchefu cha mimba kilibebwa na yeyote aliyevaa bangili yake, na sheria iliwapa waume zamu ya kwanza. Asubuhi hiyo Mbaruku aliinama kwenye sinki akitapika, huku mkewe Siwema akila samaki wa kukaanga kwa raha zake.

"Pole, mume wangu," alisema Siwema akicheka. "Mwanao leo hataki samaki."

Mbaruku naye akacheka, machozi yakimlengalenga.

Siwema akanawa mikono. "Hebu nipe bangili. Nami nataka kumsikia."

Akaivaa, akakimbilia sinki, akarudi amelegea, uso umejaa furaha. Mbaruku akamkumbatia. Lakini tumbo lake yeye sasa lilitulia kimya, kana kwamba mtoto ameondoka bila kumuaga.