Kiingereza cha Mama

Siku mama yake aliponunua samaki peke yake, Sylvie hakuweza kula.

Thérèse aliweka sombe ya majani ya muhogo na samaki mezani kama mtu aliyeleta kombe nyumbani. Alikuwa ametoka Newtown kwa basi hadi Soho Road, akachagua, akabishana, akapunguziwa bei, yote kwa Kiingereza. Dereva alimwita "bab", kama watu wa Birmingham wanavyomwita yeyote wanayemchangamkia. Alipokuwa anashuka, naye akamwita dereva "bab", na basi zima likacheka.

"Unaniona?" alimwambia binti yake. "Sasa niko Mungereza."

Sylvie alicheka, kisha akasogeza sahani.

Ilikuwa Septemba ya mwaka 2006. Majani ya miti yalikuwa yameanza kuwa mekundu, na kila siku mama yake alirudi na furaha nyingine ndogo. Alipokea simu ya mtu wa kuuza madirisha, akamkatalia kwa adabu mpaka mtu yule akaomba radhi. Alimsifia jirani mti wake wa tufaha. Jirani, mzee aliyekuwa hajawahi hata kuwaitikia salamu, akamjazia mfuko. Thérèse alisimulia haya huku akipiga makofi. Sylvie alisikiliza huku akikunja na kukunjua kitambaa cha meza.

Mwezi wa tano, daktari alikuwa amesema kwamba moyo wa Thérèse umechoka. Haufai kupasuliwa. Dawa zitausaidia kwa muda, lakini hautapona. Alisema akimtazama Sylvie, kwa sababu Sylvie ndiye aliyekuwa akitafsiri. Mkalimani wa hospitali, Sylvie mwenyewe ndiye aliyemkataa. Mama yake alipotaka kujua, alimwambia ni upungufu wa damu, atameza vidonge.

Kwao Bukavu mgonjwa haambiwi habari ya namna ile. Anaambiwa mkubwa wa nyumba, naye anaibeba. Nyumba yao ilikuwa na watu wawili tu. Sylvie alikuwa na miaka kumi na tisa.

Mwezi wa nane alifaulu mitihani, akapata nafasi ya kusomea uuguzi Leeds. Alimwambia mama yake kwamba hataki tena, Leeds ni mbali na baridi yake ni kali. Thérèse alimtazama kwa muda. Hakubishana. Wiki iliyofuata alijiandikisha kwenye darasa la Kiingereza.

Darasa lilikuwa katika ukumbi wa kanisa, Handsworth. Mwalimu alikuwa Zilpah, Mkenya aliyeshinda akihudumia wazee huko Acocks Green, na jioni akifundisha kina mama bila malipo. Sylvie alimfuata siku moja alipokuwa akipanga viti. Alimwomba asiende haraka na mama yake. Mama ana kichwa kizito, alidanganya. Tena kulikuwa na haja gani ya kufundisha maneno ya hospitali, wakati yeye mwenyewe yupo wa kumtafsiria?

"Aki, Sylvie," Zilpah alisema, "kwani unataka Mama Sylvie ajue bei ya samaki tu? Hilo somo la hospitali ameliomba yeye. Amenisumbua nalo mpaka nimechoka."

Sylvie alirudi nyumbani kwa miguu, akapita vituo vyote vya basi bila kusimama.

Asubuhi ya kurudi kwa daktari alikuwa ameshatunga la kusema. Atazungumza haraka, amjibu daktari kabla mama hajashika neno. Kwenye chumba cha kungojea alikaa ukingoni mwa kiti, miguu haitulii. Mama yake alikuwa amevaa koti jipya na hereni za kanisani.

Jina likaitwa. Sylvie alisimama, lakini mkono wa mama yake ulikuwa begani mwake, ukamrudisha kitini.

"Bakia hapa. Leo nitasema miye mwenyewe."

"Mama, yule anaongea mbio."

"Nitamwambia aende polepole."

Akaingia. Mlango ukafungwa.

Sylvie alijaribu kusali, sala ikakatika katikati. Aliuona moyo ule uliochoka ukipokea habari kwa mara ya kwanza, bila mtu wa kuushika. Akauona uso wa mama yake ukimgeukia baadaye, ukimuuliza ni mtoto gani anayemdanganya mama yake miezi yote hii. Hakujua kipi kati ya hivyo kilimtisha zaidi. Alisogea mpaka mlangoni.

Daktari alikuwa akizungumza. Mama akamwomba arudie. Akarudia. Akamwomba tena, na daktari akarudia polepole, kila neno peke yake. Halafu sauti ya Thérèse, kwa Kiingereza kisicho na kosa, ikiuliza ni muda gani umebaki.

Sylvie alirudi kitini.

Mlango ulipofunguliwa, daktari alibaki kizingitini akiangalia sakafu. Thérèse alitoka akifunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, hadi cha juu kabisa. Akaja akaketi karibu na binti yake. Akamtengeneza kola, akampangusa shavu kwa kidole gumba. Sylvie alingoja kugombezwa. Hakugombezwa. Mwishowe aliuliza yeye, daktari amesema nini.

Mama yake alitabasamu.

"Anasema damu imerudi yote, niko mzima. Anasema ufunge mizigo, uende Leeds."