Sifa za Bi Mabruka

"Hili gari au debe la kutishia ndege?" Bi Mabruka alimuuliza mwanawe. Walikuwa hata mji wa Bidbid hawajafika, na tangu watoke Ibra ulimi wake haujapumzika.

Luay akakanyaga mafuta. Kamaro yake, gari kuukuu la Kimarekani, aliikuta kwenye banda la mbuzi, panya wamezaa ndani ya viti. Aliitengeneza kwa mikono yake miaka na miaka, mpaka ikang'aa. Leo alikuwa akiipeleka Nizwa kwenye mashindano ya magari ya kale. Kikombe alikitaka, naam, lakini zaidi alitaka mama yake aseme neno jema, japo moja.

"Na lanuka petroli," mama akaongeza. "Watu wazima hamwoni haya, mwashindania mabati."

Uwanjani Nizwa mwanamke mmoja alisimama mbele ya Kamaro. "Mashaallah, gari zuri," alisema, asije akalitia jicho baya.

"Zuri wapi, bibi? Takataka," Bi Mabruka akamkata, kisha akamgeukia mwanawe. "Hebu nioneshe. Unaowaogopa ni wepi?"

Luay akamwonesha wawili. Gari jekundu lilikuwa la Thabit, jirani yao wa Ibra, aliyejaa maringo mpaka kivulini havui miwani ya jua. Jeusi lilikuwa la Ghaith wa Sur, ambaye maishani mwake hajapata kushika spana. Mafundi walifanya kazi, yeye akapiga picha.

Bi Mabruka akavuta buibui lake, akaenda moja kwa moja kwa Thabit.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Hili ndilo gari. Lang'aa kama limetoka dukani leo. Na injini yake, naisikia mtaani inavyonguruma! Sijapata kuona zuri kama hili." Alilizunguka polepole, akalikodolea macho taa kwa taa. Thabit kichwa kikamvimba.

Akahamia kwa Ghaith. "Hili halina mwenzake Oman nzima," alisema, tena kwa sauti, kila mtu asikie.

Luay alisikia yote. Mama mzazi, kuwapamba wapumbavu wale mbele za watu, na mtoto wake mwenyewe yupo pale pale!

Majaji wakaja. Sharti lilikuwa moja: gari liwake na lizunguke uwanja. Thabit akageuza ufunguo, gari kimya. Akageuza tena, akapiga usukani kwa ngumi, akavua miwani. Kimya. La Ghaith liliwaka vizuri, likaenda hadi katikati ya uwanja, likaanza kufuka moshi, na maji ya rejeta yakamwagika chini. Ghaith akashuka, akalitazama asijue hata boneti hufunguliwa wapi. Watu wakacheka.

Kamaro iliwaka mara moja, ikazunguka, ikarudi. Luay akapewa kikombe.

Njiani kurudi alikitupa kikombe kwenye kiti cha nyuma. Alijizuia, akashindwa.

"Mama, magari ya wenzangu umeyasifu mpaka mate yakakukauka. Langu umelitukana toka nyumbani. Nimekukosea nini mimi?"

Bi Mabruka alimtazama kama mtu anayetazama mjinga aliyemzaa mwenyewe.

"Na katika sifa zote zile nilizowapa," alisema, "umesikia mashaallah hata moja?"