Wimbo wa Roho ya Nyati

Palitokea Nyati mmoja, jitu la majivuno, aliyejitenga nyikani kufunga na kusali, akarudi akidai roho yake imekua kuliko pembe zake. Akamwita Kurumbiza, ndege mpiga filimbi.

“Nitungie wimbo mpya, wa filimbi peke yake, uwaeleze wote nilivyokua.”

“Ada yetu waijua, Mzee. Filimbi ikipumzika, mwenye wimbo hutulia akasikiliza.”

Siku ya wimbo ilipofika, wanyama wakakusanyika. Filimbi ikalia kidogo, ikanyamaza. Ikanyamaza mno. Katika kimya kile Nyati akasikia kwikwi ya kilio nyuma yake. Ni Mama Digidigi, ambaye Nyati alimkanyagia mwanawe mtoni, akapita zake bila kugeuka.

“Piga, wewe!” Nyati akafoka. “Mbona umekatiza?”

“Wimbo ni wa roho yako, Mzee, nayo haijavuka kilio hicho.”

Nyati akageuka, akamwendea Mama Digidigi, akapiga magoti hata pembe zikagusa vumbi.

“Mama, mwanao nilimuua mimi.”

Mama Digidigi akalia, sasa kwa sauti, na filimbi ikaanza tena, taratibu, ikimfuata yeye.