Mabega Yaliyokwenda Matai

Asifiwe alilitandaza koti lake la kwaya mezani, akasali kimoyomoyo, kisha akachana bitana ya bega.

"Mama, si ndilo la ibada ya kesho?" mumewe aliuliza.

"Ndilo."

Mfuko wa kamera aliokuwa akiushona ulikuwa na jinzi kuukuu nje na kipande cha blanketi ndani. Lakini alfajiri mumewe angepanda lori kwenda Matai kupiga picha za kipaimara, na kwa mashimo ya barabara ile, blanketi peke yake lisingeiokoa kamera. Hawakuwa na nyingine, wala kazi nyingine.

Koti lilikuwa la mtumba, alilichagua mwenyewe robota lilipofunguliwa sokoni. Sponji zake za mabegani zilikuwa nene kama maandazi.

"Wanakwaya watakuuliza mabega yako yako wapi."

"Nitawaambia yamekwenda Matai."

Alizishona sponji ndani ya mfuko, moja kila upande, akakata uzi kwa meno. Mumewe akanyoosha mkono na kamera.

"Ngoja kwanza. Nipe lile yai bichi."

"Hilo ni la chai yangu ya safari."

"Basi omba nami."

Asifiwe alilitia yai ndani ya mfuko wa kamera, akafunga vifungo, akapanda kwenye stuli. Alifumba macho, akasema amina, akaachia.

Mfuko ukapiga sakafu ya saruji. Mumewe alipiga magoti, akafungua, akapenyeza vidole taratibu. Vikatoka vikavu.

Alimtazama mkewe, akaanza kucheka.

"Sasa panda mezani."