Kumkimbilia Babu

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba mshipa mkuu tumboni mwa Babu Semkiwa umevimba. Kwa utafiti wa daktari wake wa mishipa, mvuta sigara hapasuliwi mpaka ndugu amfanyie mazoezi yake yote. Kwa hiyo Mama anamkimbilia, yaani anakimbia badala yake, naye Babu anasimamia, sigara mdomoni.

"Kaza mwendo, mwanangu!"

"Baba, zima basi hiyo sigara."

"Nizime ya nini, na wewe unakimbia?"

Jana Mama alianguka uwanjani. Daktari akasema moyo wake umechoka, naye sasa anahitaji wa kumkimbilia. Nyumbani nimebaki mimi tu.

Babu aliitazama miguu yangu kwa upendo mkubwa.

"Anza na mimi, mjukuu wangu. Mama yako bado kijana."